Mkono Usioguswa

Waasi walioitwa simba walipoingia Uvira, mashariki mwa Kongo, mwezi wa tano mwaka 1964, mtaa wa Nyamianda ulijaa ghafla wataalamu wa dawa. Sisemi waganga, maana hao walikuwa wachache na walikaa na wakubwa wao. Nasema akina mama wa sokoni, wapagazi na mafundi cherehani. Kila mmoja aliyajua masharti ya dawa ya vita kuliko jirani yake. Mpiganaji akishachanjwa na kunyunyiziwa maji, risasi haimpati, ila asimguse mtu, asiguswe, asipeane mkono, asile kilichopikwa na mwanamke. Akivunja sharti moja, basi, amekwisha. Mpango huo ulikuwa na faida moja kubwa kwa wenye dawa: mtu akifa, kosa ni lake au la ndugu zake.

Mathieu alichanjwa mwezi wa saba. Alikuwa kijana wa kuchuma pamba katika bonde la Ruzizi, mtu wa mizaha, na hakuna aliyemlazimisha. Siku walipopandishwa lori kwenda Bukavu, dada yake Consolate alipenya katikati ya watu, akamshika mkono, akaung'ang'ania mpaka gari likaanza kutembea. Watu wote walimwona. Mathieu mwenyewe alicheka, akamwambia arudi nyumbani asije akaunguza chakula.

Habari ililetwa na mwenzake aliyerudi akichechemea. Mathieu alianguka Bukavu siku ya kwanza.

Ernestine, mama mdogo aliyewalea hao wawili tangu mama yao alipofariki, alitaka kuweka matanga. Alikwishatoa viti nje. Mkubwa wa simba wa mtaa akatuma neno kwamba hakuna matanga kwa mvunja masharti, na atakayelia kwa sauti anatangaza kwamba dawa ni ya uongo. Ernestine akarudisha viti ndani. Kwenye bomba la maji wanawake walinong'ona kwamba ni ule mkono wa dada yake uliomponza. Hakuna aliyemwambia Consolate usoni, lakini bomba la Nyamianda halikuwa mahali pa kuficha neno.

Consolate akaanza kujikata kwenye mkono. Namna alivyofanya sitaeleza, haimfai mtu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, hakuwa mwendawazimu, na hakuwa anataka kufa. Hilo la mwisho nalisema mapema kwa sababu watu wengi wakisikia habari kama hizi hukimbilia hapo kwanza.

Ernestine aliziona alama hizo mchana mmoja, msichana akiosha sahani. Na hapa ndipo mama huyo, mwenye akili zake zote, alipokosea kosa la mwaka ule. Aliamini kwamba Consolate amekwenda kwa siri kuchanjwa dawa ili alipize kisasi cha kaka yake. Aliogopa kidogo, kisha akaona fahari. Sokoni, nyuma ya meza yake ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, alimwambia Marie-Jeanne aliyeuza mafuta ya mawese kwamba nyumbani kwake kuna mtu wa dawa sasa, simba hawatamsumbua tena. Kumwambia Marie-Jeanne kulitosha, soko zima lilipata habari.

Ernestine akaanza kumtunzia msichana masharti, tena kwa bidii kuliko simba wenyewe. Akamtengea sahani na mkeka wake. Akawa anamwekea muhogo na samaki wabichi ajipikie. Aliwafukuza watoto wasimkaribie. Alipompa kitu alikiweka chini kwanza, akarudi nyuma, ndipo Consolate akakiokota. Wala hakumuuliza neno, maana mambo ya dawa hayaulizwi.

Consolate aliyatazama hayo yote akayasoma kwa namna yake: wanajua ni mimi niliyemuua Mathieu, na wanauogopa mkono wangu. Kwa hiyo walikaa nyumba moja, mmoja akiheshimu, mwingine akijiona amelaaniwa, na hakuna aliyefungua mdomo. Alama ziliongezeka. Ernestine aliziona mpya akadhani dawa inaongezwa nguvu. Mimi huwa nakasirika kila nikifika hapa, kwa sababu swali moja tu lingetosha.

Aliyeuliza ni mtu wa nje. Nyiransengimana alikuwa mke wa katekista wa Kiprotestanti kutoka milima ya juu. Alishuka na mume wake aliyekuwa akitibiwa kifua, vita vikawafungia njia ya kurudi. Walipanga nyumba pembeni mwa mtaa, wakiwa na ng'ombe wawili waliokuja nao. Mambo ya simba kwake yalikuwa ushetani mtupu, na aliyasema hivyo kwa sauti ambayo mume wake alimsihi aipunguze. Asubuhi moja Consolate alikwenda kununua maziwa, akaweka chupa chini, akarudi nyuma kama alivyozoeshwa. Mama yule akamtazama, akamfuata, akamshika mkono na kupandisha mkono wa gauni.

"Hii ni nini?"

"Uniache, mama. Mwenye nilishika alikufa."

"Nani alikuambia?"

"Bantu bote banajua."

"Kaka yako aliuawa na risasi. Minye, mimi huyu, nakushika. Tukae hapa tuone nani atakufa."

Wakakaa. Nyiransengimana hakuuachia mkono ule, akaendelea kusimulia habari za ndama aliyekataa kunyonya na bei ya chumvi. Hakufa mtu, hata kuku hakufa. Baada ya muda Consolate alianza kulia, kwanza kimya, halafu kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu lori liondoke.

Mke wa katekista alikuwa na mistari ya Biblia tayari mdomoni, naye hakuwa mtu wa kuibana. Siku hiyo aliibana. Aliuliza tu kunakuwa namna gani kabla ya kujikata. Consolate alijibu polepole, akitafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Inajala hapa," alisema, akigusa kifua. "Hatukumulilia Mathieu. Nikilia ni kosa, nikinyamaza inajala. Nikijikata inatulia kidogo. Kiisha inarudi, na haya juu yake. Na mukono huu ndio ulikosa. Mimi naona inafaa ulipe."

Nyiransengimana alimtolea kibuyu kikubwa cha kusukasukia maziwa, akakiweka juu ya mapaja ya msichana.

"Ikikuja, kuya kwangu mbele ya kujikata, si nyuma. Utasukasuka. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kutukana, tukana, ng'ombe habasikie Kiswahili. Na ile kitu unajikatia nayo, uniletee."

Aliileta kesho yake. Kazi ya kutoa siagi inachosha mabega na haina njia ya mkato. Unasukuma kibuyu mbele, unakirudisha, mbele, unakirudisha, mpaka maziwa yabadilishe sauti ndani. Consolate aligundua kwamba ile hali ya kujaa haidumu milele kama alivyodhani. Inapanda, inafika juu, halafu inashuka yenyewe, na mara nyingi inashuka kabla ya siagi kushikana. Hili hakuwa amelijua kwa sababu hakuwahi kuingoja. Kila mara aliikatiza.

Si kwamba alipona siku hiyo. Alikuja mara mbili akiwa amechelewa, mkono umefungwa kitambaa, macho chini. Nyiransengimana aliosha kidonda, hakuhubiri, akampa kibuyu vilevile. Walimwongelea Mathieu kila siku, mizaha yake na uvivu wake wa kuoga. Wiki za mwisho za mwezi wa tisa zilipita bila alama mpya.

Mwezi wa kumi jeshi la serikali likarudi Uvira. Simba wakakimbilia milimani, na askari wakaanza kazi waliyoifanya kila mji: kutafuta chale. Mwenye chale ni simba, na simba alipelekwa nyuma ya ukuta wa maghala ya pamba, hakuonekana tena. Nyamianda iliitwa kiwanjani, wanaume na wanawake, mikono wazi.

Fahari yote ya Ernestine ya sokoni ilikuwa imegeuka hukumu ya mtoto wa dada yake. Alimwambia Consolate akimbilie Bwegera kwa jamaa, ajifiche kwenye mashamba ya mpunga.

"Njia iko na baaskari, mama mudogo. Wakinikamata nakimbia, wataamini kabisa niko simba."

"Basi useme ni moto ulikuunguza."

"Nitasema kweli."

"Kweli gani? Weye ulichanjwa dawa!"

Consolate alimtazama, na ndipo alipoelewa sahani, mkeka na samaki wabichi. Askari walikuwa wakigonga milango tayari.

Kiwanjani, sajenti aliushika mkono wa Consolate akaugeuza juani.

"Hii?"

"Nilijikata mwenyewe."

Askari walicheka. Marie-Jeanne, mstarini, aliropoka kwa hofu kwamba huyo ana dawa, mama yake mdogo alisema mwenyewe. Nyiransengimana akajitokeza kusema si kweli. Sajenti akamrudisha nyuma: yeye ni jirani, tena mgeni. Akamgeukia Consolate.

"Muntu anajikata bure? Juu ya nini?"

Akayasema. Mbele ya mtaa mzima, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, alisema kwamba kaka yake alikufa, kwamba alimshika mkono na watu walisema ndio uliomuua, kwamba hawakuruhusiwa kumlilia, na kwamba kujikata kulikuwa njia yake ya kupumua mpaka alipofundishwa nyingine. Alijua kwamba kwa maneno hayo anakiri kaka yake alikuwa simba. Sajenti aliacha kucheka. Alimtazama paji la uso, ambako simba walichanjwa pia; halikuwa na alama, wala zile za mkononi hazikupakwa makaa meusi kama wafanyavyo waganga. Lakini alikuwa amedanganywa mara nyingi wiki ile.

"Nani wa nyumba yake anashuhudia?"

Kushuhudia kulikuwa na maana moja: kukiri kwamba nyumba yako ilitoa simba. Ernestine alitoka mstarini. Alitembea mpaka kwa Consolate, na mbele ya watu wote aliokuwa amewakataza wasimguse, akauchukua ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Hana dawa. Minye ndiye nilidanganya soko nzima, sikujua. Mutoto alikuwa analilia ndugu yake peke yake, na minye namutengea sahani." Kisha akasema, "Mathieu alikuwa mutoto wangu. Alikufa Bukavu."

Akapiga yowe. Lilikuwa yowe la msiba, lile lililokatazwa tangu mwezi wa nane, na wanawake wa mstarini wakalipokea mmoja baada ya mwingine, Marie-Jeanne pia, kwa sababu yowe la namna hiyo halipiti pembeni ya mwanamke. Sajenti alingoja liishe. Halikuisha. Akawapungia mkono wapite, akaita nyumba inayofuata.

Njiani kurudi Consolate alisema, "Mama mudogo, bado inakujaka."

"Ikikuja, uniite."

"Hata ukiwa sokoni?"

"Hata sokoni."

Ilikuja wiki iliyofuata, saa ya wateja, ndagala zikiwa zimetoka tu ziwani. Consolate alisimama mbele ya meza akasema, "Imekuja." Ernestine aliacha samaki wake wote juani, akamshika mkono, wakaondoka. Paka wa soko walikula mpaka wakalala palepale chini ya meza, na Marie-Jeanne hakuwafukuza, maana alikuwa amewafuata Ernestine na msichana.