Chapa ya Kwenye Pembe ya Kioo

Mwaka 1997 Magige alileta televisheni na dishi kutoka Musoma, akavifunga nyumbani kwa baba yake, Mzee Werema, pale Kabasa. Miaka kumi na kitu nyuma, watu wa mtaa ule walikuwa wakipanga foleni ya sabuni. Sasa walisimama uani wakitazama sinia kubwa la bati likielekezwa mbinguni.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha chekechea nyumba ya tatu kutoka pale. Kila Jumamosi saa nane mchana niliwapeleka watoto wangu kutazama chaneli moja ya watoto, ya nchi za mbali. Maneno ya Kiingereza watoto hawakuyaelewa, nami niliokota machache tu. Tulichokingojea ni nembo yake: doa jekundu la duara. Kipindi kikiisha, doa lilichuruzika kama uji, likawa samaki, samaki akawa chura, chura akaruka akawa ndege, kisha likajikusanya tena na kwenda kutulia kwenye pembe ya kioo. Siku ya kwanza watoto hawakupiga kelele. Walinyamaza kama wako kanisani. Nami nilisahau kufunga mdomo. Chuoni nilifundishwa kuchora kwa rula na bikari. Sikujua kwamba mchoro unaweza kupumua.

Aliyefurahi kuliko wote ni Wankyo, mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka saba ambaye polio ilimwacha bila nguvu za miguu. Kabla ya televisheni alishinda peke yake kwenye mkeka. Sasa watoto walimzunguka, wakamwegemea, naye ndiye aliyepanga nani akae wapi.

"We Gati, kichwa chako kama kibuyu! Sogea huko, wenzako hawaoni."

Baada ya Pasaka doa liliota mkia. Nikalichora kwenye daftari langu. Mwezi wa tisa, baada ya wimbo mrefu wa kutangaza sura mpya, likagawanyika rangi mbili, nusu jekundu, nusu kijani, na katikati likafumbua jicho. Watoto wakashusha pumzi kwa pamoja. Mzee Werema, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, akaja hadi kwenye kioo, akainama.

"Hii chapa nani kaibadilisha?"

"Wenyewe, babu," nilisema.

"Wenyewe gani? Mwanzo ilikuwaga duara tu. Ikaongezwa mkia, nikanyamaza. Leo jicho! Ng'ombe akibadilishwa chapa, mwalimu, huyo ni wa wizi. Hawa watu wameibiwa mali yao, na mimi sitakaa na kitu cha wizi nyumbani."

Akazima. Akafunika televisheni kwa kitenge. Magige alijaribu kucheka, baba yake akamtazama, kicheko kikaishia kooni.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuja, wakakuta kitenge, wakaondoka mmoja mmoja. Jumamosi ya pili hakuja mtu. Wankyo alikuwa ameshatandika mkeka na kugawa nafasi.

"Mwalimu," aliniuliza, "nimewakosea nini?"

Mimi ni mtu wa aibu mbele ya wazee, lakini jioni ile nilibeba daftari nikaenda kumwonyesha mzee nembo zote tatu nilizokuwa nimezichora. Nilimwonyesha kwa kidole kwamba duara ni lilelile, limekua tu.

Alizitazama kwa makini kuliko nilivyotarajia.

"Umechora vizuri. Ila mwizi mwerevu naye hafuti, anaongezea mstari juu ya chapa ya mwenyewe. Jumamosi ijayo asubuhi twende Butiama, ukaone chapa ya kweli inavyokuwa."

Tulikwenda na pikapu ya Magige. Tulifika zizini mchungaji, Nyamhanga, akiondoa miti ya mlangoni. Ng'ombe wakaanza kutoka, mvuke ukipanda migongoni mwao, na kwenye kila paja la kulia chapa ya mzee: mwezi mchanga uliochomwa kwa moto. Miezi ile ilipita mbele yangu ikijikunja na kujinyoosha kwa kila hatua, mmoja baada ya mwingine, hadi nikahisi machozi. Nilisimama vilevile nilivyosimama siku ya kwanza mbele ya kile kioo.

Kisha nikaona kitu. Ng'ombe wakongwe, wale wa pembe zilizochakaa, walikuwa na mwezi peke yake. Wengine wote walikuwa na mwezi na mstari mfupi chini yake.

Nikasogea karibu na mzee.

"Babu, wale wenye mstari ni wa nani?"

"Wangu. Wote wangu."

"Na wale wasio na mstari?"

Nyamhanga aligeuka, akajifanya anafunga kamba ambayo haikuwa imefunguka.

Mzee alingoja ng'ombe wa mwisho atoke. "Ule mwezi ni wa baba yangu," alisema polepole. "Mwaka wa themanini na nne waliswagwa usiku, karibu wote. Tukawafuata, tukawakuta kwa mtu mwenye mwezi kama wangu. Mbele ya baraza la wazee nikashindwa kutenganisha wake na wangu. Wale wakongwe ndio waliobaki. Waliozaliwa baada ya hapo nikawaongezea mstari."

"Ukawa mwizi, mzee?" Nyamhanga aliuliza bila kugeuka.

"Kojoa ulale, mura!" Lakini alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha puani. "Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwaambia majirani. Hawa wa kwenye dishi walimwambia nani?"

"Walitangaza, babu. Kwa wimbo mrefu. Ila kwa Kiingereza."

"Aa."

Tulipofika Kabasa alishuka kabla pikapu haijasimama vizuri, akasimama barabarani na fimbo yake, mzee mzima, akiwaita watoto wa watu kwa majina. Aliyemsahau jina alimwita kwa jina la baba yake. Ndani, Wankyo alikuwa tayari anagombana na Gati kuhusu kichwa.

Mzee alitoa kitenge mwenyewe. Doa likachuruzika, likawa samaki, likaruka, likafumbua jicho lake kati ya kijani na nyekundu, na chumba chote kikanyamaza.

"Mkibadilisha tena," aliliambia doa, akikaa chini kwenye mkeka kando ya mjukuu wake, "mje mseme kwanza."