Maiti Anayepumua

Jumapili moja ya mwaka 1995, baada ya misa, Gaston alimngoja Clotilde kwenye mlango wa ukumbi wa parokia, pale Panda, mtaa wa mji wa Likasi. Gaston alipiga video za harusi. Clotilde alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila filamu ilipokwisha ukumbini, yeye ndiye aliyesimama kuwaambia watu uzuri wake na ubaya wake. Watu walimwamini.

"Yaya, filamu yangu imeisha," alisema Gaston, akimwita dada mkubwa kwa heshima. "Lakini Kabamba iko mule ndani. Kama unaona ni muzito, usiingie."

"Nitaingia."

Kabamba alikuwa mume wa Clotilde, fundi wa mashine, mzaliwa wa Likasi. Baba yake alitoka Kasai, na hiyo ilitosha. Watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mjini miaka miwili kabla, Kabamba alilala gare, kwenye stesheni ya treni, majuma mengi pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Clotilde alimpelekea chakula. Mama yake Clotilde alikuwa mgonjwa, kwa hiyo walikubaliana mume atangulie. Habari iliyorudi ni kwamba Kabamba alikufa njiani kwa kuhara, akazikwa kando ya reli, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumtajia Clotilde.

Gaston alikuwa ameipiga filamu kabla ya hayo yote, kwa heshima ya zile filamu za bei rahisi, za ngumi na kisasi, walizoonyeshwa utotoni katika kambi ya wafanyakazi wa migodi.

Clotilde alikaa benchi la mbele. Hadithi ilikuwa ya binti anayelipiza kisasi cha baba yake. Bastola ilikuwa ya mbao, imepakwa dawa ya viatu. Gari la majambazi halikuwa na mafuta, na lilipokata kona mikono ya waliolisukuma ilionekana. Watu walicheka. Kisha akatokea Kabamba, mkubwa wa majambazi, amevaa miwani nyeusi. Binti akampiga teke. Akateleza polepole kwenye ukuta wa karakana, nyanya ya kopo ikimtiririka kidevuni kama damu, naye akailamba. Ukumbi ulicheka, halafu ukakumbuka.

Kamera haikuondoka. Maiti alilala chali, na tumbo lake lilipanda na kushuka.

Filamu ilipokwisha hakuna aliyetoka. Mama Berthe, jirani yake, alimshika mkono. "Mwalimu, leo unaweza kuacha."

"Hapana, mama. Nitasema."

Akasimama. "Ile gari ni mubaya. Bastola ni mubaya. Mwisho tulishaujua tangu mwanzo. Lakini zile filamu za zamani zilifanywa na bantu ya bila kitu, na Gaston hakuzichekelea. Anazipenda. Njo maana tumekaa wote mpaka mwisho."

Aligeuka akawatazama watu.

"Kuko kosa moja kubwa. Mufu hana pumzi. Huyu iko napumua, kila muntu ameona. Fundi mwingine wa filamu angekata pale." Akamtazama Gaston. "Weye usikate."

"Sitakata, yaya," alisema Gaston, ameinamisha kichwa.

Mama Berthe alimsindikiza nyumbani. Tangu habari ile ifike, Clotilde alikuwa amekataa kuweka kilio, yale matanga ya kumwomboleza mumewe, kwa kuwa hakuona mwili, na kila treni ya kutoka kaskazini ilipoingia alikwenda gare kutazama nyuso. Sasa alikaa chini, sakafuni.

"Mama, umeona vile alikuwa anajifanya amekufa?"

"Nimeona, mwanangu."

"Hakujua. Hata kidogo hakujua kujifanya." Aliutazama mlango. "Kama angekuwa muzima, hangeweza kunyamaza miaka miwili."

Ndipo akalia, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Mama Berthe alimfungua kitambaa cha kichwa, kama afanyiwavyo mjane, akatoka kuwaambia majirani. Kabla jua halijashuka wanawake walikuwa wameingia na unga na makaa, wakakaa sakafuni kumzunguka na kuanza nyimbo za kilio. Wanaume waliwasha moto uani. Gaston alikaa kati yao, na alipoulizwa habari za filamu yake aliongeza kuni motoni.