Sakafu ya Chumba cha Bibi

Mkonge ulipopanda bei, watu wengi wa Ngamiani waliezua makuti wakaweka mabati. Baba yangu, Mwinyijuma, alikuwa karani katika ghala la mkonge, na rafiki zake wa kazini walikaa Chumbageni. Siku moja alirudi kutoka kwa mmoja wao, Uweso, akaketi barazani bila kuvua kofia.

"Sakafu ya Uweso ni nyekundu," akasema. "Inang'aa mpaka unauona uso wako. Na sisi tutaweka. Vyumba vyote."

Bibi Mwanamkasi, mama yake baba, alikuwa akichagua mchele. "Vyote isipokuwa changu."

Baba akacheka. "Mama, unataka kulima muhogo humo?"

"Nataka kuoshewa humo."

Baba akaacha kucheka.

Chumba cha bibi kilikuwa cha nyuma, kinachotazama uani. Humo alioshwa babu, na humo alioshwa mama yangu nilipokuwa darasa la tatu, mwaka ule nilioacha shule. Kila mara palichimbwa ufuo, kishimo kirefu chini ya kitanda cha kuoshea maiti, ili maji yaingie ardhini mle mle ndani, yasije yakatiririka nje yakakanyagwa. Baadaye bibi alifukia, akakandika kwa mikono yake, na mgeni akiingia haoni alama. Yeye alipajua. Alinionyesha, chini ya dirisha.

"Hapa, mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyonitania tangu nilipokuwa mdogo. "Wasinilaze huko mlangoni, kuna upepo."

Siku ile barazani baba alimwambia anajitabiria kifo.

"Sijitabirii," bibi akasema. "Uweso atakuja Idi hadi Idi. Sisi tunazaliwa humu na tunafia humu. Hiyo nyumba unamtengenezea nani?"

Baba akakubali. Alimwambia fundi Laurenti mbele yangu: chumba cha nyuma kisiguswe.

Kazi ilipoanza vumbi lilimkohoza bibi, akapelekwa Pangani kwa mdogo wake. Mimi nikabaki kuwapikia mafundi. Siku ya mwisho saruji ilibaki. Laurenti alisema mifuko imekwisha kufunguliwa, na kwa unyevu ule itaganda. Baba akasimama mlangoni kwa bibi, akatazama ule udongo wa kijivu uliofagiliwa, kisha akageuka akatazama ukumbi unavyong'aa.

"Malizieni," akasema.

"Baba," nikasema, "bibi alisema..."

"Bibi yako akiiona ataipenda."

Bibi aliporudi alivua viatu mlangoni, akaweka unyayo mmoja ndani, akaurudisha.

"Baridi," akasema.

"Saruji ingeharibika, mama."

"Basi haikuharibika."

Hakulizungumza tena. Masika yakaingia. Sakafu ilitoka jasho kila asubuhi, nikawa naipangusa kwa tambara, na mkeka wake ukaota ukungu. Kikohozi kikamshuka kifuani. Alikufa Jumatatu asubuhi, mvua ikipiga mabati kwa kishindo, na mwalimu aliyemsomea Yasini ilimbidi apaze sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

Asmahani, jirani yetu wa mbele, ndiye aliyekuwa muosha wa mtaa. Alikuja na ndoo zake, akaingia chumbani, akatazama chini.

"Ufuo uchimbwe wapi?"

Ndani kote ni saruji. Uani maji yalifika vifundoni. Baba akaazima sururu kwa jirani, akaanza kupiga chini ya dirisha, bado amevaa shati lake jeupe la kazini. Rangi nyekundu ilibanduka upesi kama ganda la yai. Chini yake Laurenti alikuwa ameshindilia kokoto, na kazi yake ilikuwa nzuri. Sururu iliruka ikarudi. Watu waliojaa barazani walisikia kila pigo. Bibi alilala chumba cha pili, amefunikwa shuka, na mimi nimekaa kichwani kwake.

Vijana wakapokezana. Adhuhuri ikaadhiniwa na shimo lilikuwa halijazidi sinia.

"Mwanangu," Asmahani akasema, "kwangu kuna udongo."

Baba akaendelea kupiga.

"Mwinyijuma. Maiti haiwekwi."

Akaitua sururu. Nyumba ya Asmahani ilikuwa ya makuti, imeinama upande mmoja. Baba alikuwa akiiita banda la kuku, na Asmahani alikuwa akimjibu kuwa kuku wake hawamdai kitu. Siku ile hakuna aliyetania. Wanaume walimbeba bibi juu ya kitanda chake, sisi wanawake tukatanda kanga juu yake, tukavuka njia katika matope. Mmoja akateleza. Kitanda kikainama, mkono wa bibi ukatoka nje ya shuka, ukalowa. Baba akaurudisha ndani, akaukumbatia pamoja na shuka mpaka tulipofika.

Kwa Asmahani ufuo ulikuwa tayari kabla maji hayajapata moto. Mimi nilichota, yeye akaosha. Maji yakanywewa na ardhi ya nyumba ya watu.

Jeneza lilitokea kwenye mlango ule. Waliochelewa walikuja kusimama kwetu, ikabidi waelekezwe ng'ambo.

Matanga yalikaa kwetu. Uweso naye alikuja, akaketi mkekani, akapapasa sakafu ukingoni mwa mkeka.

"Fundi wako hodari," akasema.

"Hodari sana," baba akajibu.

Matanga yalipoondolewa, baba alimwita Laurenti. Akaja na saruji, akijua ameitwa kuziba shimo.

"Rudisha hiyo," baba akamwambia. "Bandua chumba chote."

"Chote, mzee? Si nibandue tu pa kuweka kitanda?"

"Chote."

Kisha akanigeukia. Alikuwa hajaniuliza jambo lolote tangu siku ya mazishi.

"Mama yako alioshewa wapi hasa?"

Nikaenda kusimama chini ya dirisha, kando ya lile shimo dogo alilolichimba. Alikuwa amekosea kwa hatua moja. Akanitazama miguuni.

"Na mimi hapo hapo," akasema.

Laurenti akaanza kupiga. Ilimchukua mpaka jioni, na safari hii hapakuwa na mtu anayengoja.