Ngege wa Shamba la Rispa

Ile miaka ziwa lilipopanda likaingia mashambani, Ongeri alikuwa fundi cherehani hapa Homa Bay, na mambo yake yote sisi majirani tuliyajua, pamoja na lile alilomficha mama yake. Alikuwa amemwandikia huko milimani Kisii kwamba samaki anavua mwenyewe. Kumbe hata ndoano hajawahi kuigusa.

Basi Ijumaa moja asubuhi mama yake, Bathsheba, akafika na kikapu cha ndizi, akaketi.

"Leo nataka kula samaki wako, mwanangu. Awe ameiva kabla jua halijazama, Sabato isinikute jikoni. Ukikosa, Jumapili tunarudi wote nyumbani. Sikukuzaa uje kukaa njaa kando ya maji ya watu."

Ongeri hakutaka kurudi. Kule kwao cherehani ilikuwa moja tu, ya mjomba wake, na mjomba alikuwa na afya. Akakunja suruali, akaazima ndoano kwa Rispa mwenye hoteli ya chai, akaingia shamba la mahindi la huyohuyo Rispa, ambalo sasa maji yalifika magotini na ngege, wale samaki wapana wa ziwani, walipita katikati ya mabua. Mtaa mzima tukamfuata. Nani angebaki nyumbani?

"Fundi, usimpime kiuno, mvute tu," Rispa akamwambia.

Saa tisa kamba ikakaza. Akatoa kambare mumi mrefu kama mkono, ndevu zinaning'inia. Tukapiga vigelegele. Mama, aliyekaa pale pakavu, hakuinuka.

"Magamba yake yako wapi?"

Hata sisi Wakatoliki tulijua Msabato hali samaki asiye na magamba. Rispa, ambaye hakuwa na mwiko huo, akamfunga mumi kwenye leso yake bila kuombwa.

"Ni nyinyi," Ongeri akatugeukia. "Mnakanyagakanyaga mpaka maji yamekuwa uji. Ngege wote wanawakimbia. Nendeni makwenu."

"Twende vipi na mama hajala?" Rispa akauliza.

Ongeri alikuwa anawatazama hao ngege. Kila tulipopiga hatua walikimbia, na wote walifuata mfereji uleule kati ya matuta. Akatoka mbio, akarudi na chandarua chake na sindano, akakishona kikawa mfuko mrefu, akaufunga kwenye mabua mwisho wa mfereji, mdomo wazi.

"Sasa kanyageni. Mstari mmoja, kutoka kule juu. Na mpige domo mnavyopenda."

Kazi hiyo tuliiweza. Tukashuka tukipiga maji na kusimuliana habari za mwalimu Nchagwa na yule mjane wa Uriri, na ngege wakakimbia mbele yetu hadi mfukoni. Walikuwa saba, magamba yanang'aa.

Jua lilipogusa maji, sufuria ilikuwa imeshaepuliwa. Mama akala mpaka mifupa ikabaki myeupe, kisha akatutazama tulivyojaa hadi mlangoni, kila mtu na kipande chake.

"Kuvua hujui," akamwambia mwanawe. "Uliniandikia uongo."

"Ndiyo, mama."

"Jumapili nitarudi peke yangu. Nikikuchukua wewe, hawa wote watakufuata, na mimi kule sina sufuria ya kuwatosha."

Akajifuta vidole, akamsogelea Rispa.

"Sasa, yule mjane alimjibu nini mwalimu? Nieleze upesi, Sabato inaingia."