Kipochi Kilichompwaya Chiriku

Mtaa mzima walimwita Mama Vipochi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Meza yake ya kulia ilikuwa imesahau sahani siku nyingi. Juu yake ulikuta mkasi, rula ya chuma, bakuli la gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe, na vipande vya karatasi za kubandika ukutani, yale mabaki wanayoyaacha mafundi rangi mwisho wa kazi. Kutokana na mabaki hayo alitengeneza vipochi vya kutilia kadi za kuandikia: vidogo, vya maua, vina kifuniko, kifungo, na kishikio cha kuvaa mkononi. Mtu akikiona kimoja hudhani ni kitambaa mpaka akiguse.

Na alikuwa mkaidi, jamani, usiseme. Kishikio hakikatwi kwa kukisia, wala kwa futi ya fundi nguo. Unachukua ukanda mwembamba wa karatasi, unauzungusha kwenye kifundo cha mkono wa mwenye kipochi, unatia alama ya ukucha pale ncha zinapokutana, unaongeza nafasi ya kiganja kupita, basi. Mteja akituma mtu mwingine aje kupimwa kwa niaba yake, anarudishwa na maneno juu.

"Nikikupima wewe, ni chako wewe," alikuwa akisema. "Mwingine hatakivaa, hadi siku kitakapochanika."

Watu walimcheka, lakini walileta mikono yao.

Sasa, binti yake wa pekee alikuwa amepata kazi ya uuguzi mji wa mbali, na gari la kumchukua lilikuwa lije kesho yake asubuhi. Huyu binti walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akifua, aliongea akipiga mswaki. Mama yake alimwomba jambo moja tu, awe anamwandikia.

"Simu si ipo, mama?"

"Simu haina mwandiko wako. Nikiishika nasikia betri tu."

Chiriku alicheka na kuondoka na mazungumzo yake. Mama akabaki na jambo moyoni. Angemtengenezea kipochi kwa siri, akijaze kadi, amkabidhi mlangoni. Mtoto akitoka nacho, ataandika. Akitoka mikono mitupu, basi ndiyo nimempoteza, alijiambia, na machozi yakamlenga pale pale mezani.

Siku hiyo alikunja karatasi ya waridi kwa ndani na ya bluu kwa nje, akatia mikunjo ya ubavuni ili kipochi kiweze kutanuka, akapaka gundi kwa kidole, akakilaza chini ya pasi ya mkaa iliyopoa. Kikabaki kishikio. Mchana, jua likiwa limewatia watu wote ndani, alisukuma mlango wa chumba cha Chiriku taratibu. Pazia lilikuwa limeshushwa. Kitandani mtu amejifunika gubigubi, mkono mmoja umetoka nje ya blanketi na kuning'inia.

Bahati iliyoje, akasema moyoni. Akanyata, akapiga goti, akauzungusha ukanda wake. Mkono ulikuwa wa baridi. Huyu mtoto kalala tena bila kula, akawaza. Alipokuwa anatia alama ya ukucha, vile vidole vilijikunja vikamshika kidole gumba, kama afanyavyo mtoto mchanga, vikakaa hivyo kidogo, kisha vikaachia. Mama akatabasamu, akatoka kwa vidole vya miguu.

Alikuwa ndio kwanza amebandika kishikio pale mlango wa mbele ulipofunguliwa, Chiriku akaingia na kichwa kilichosukwa upya.

"Mama, yule msusi ana domo! Mimi nasemwa bure mtaa huu. Nimekaa pale tangu asubuhi, kichwa kinawaka moto."

Mama Vipochi alifunika kipochi kwa kanga yake. "Umetoka saa ngapi wewe?"

"Si nilikuaga unakoroga gundi? Ukaniambia nisisahau kukuletea uzi. Uzi huu hapa."

Mama aliinuka bila kuupokea uzi, akaenda chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Blanketi limekunjwa miguuni, na katikati ya shuka pana bonde, mahali mtu alipokuwa amelala.

Jirani yake, fundi cherehani, alipopita kuazima mkasi alisimuliwa habari nzima kwa kunong'ona, naye akacheka mpaka akashika ukuta. "Shoga, umepima mto! Uzee umekuingia hata hodi haukubisha." Mama Vipochi naye akacheka, maana ukichekwa na yule mwanamke huna ujanja. Ila mto hauna vidole, na hilo alilijua.

Kuna kitu hakuwahi kumwambia Chiriku. Kabla yake alizaliwa mwingine, msichana, na hakulia. Wanawake wa ukoo walimfunga nguo wakamtoa kabla mama hajamwona uso. Wakamwambia usiulize, usimpe jina, utapata mwingine. Mama mwenyewe wakati huo alikuwa msichana mdogo na mwenye uchungu, akatii. Akapata mwingine kweli, tena mwenye mdomo, na habari ya yule wa kwanza ikabaki haina pa kusemewa.

Basi jioni ile kipochi kilikaa mezani na yeye akakaa mbele yake. Aliyepimwa ndiye mwenyewe, hilo alilihubiri mwaka hadi mwaka. Chiriku akiondoka nacho, ataondoka pia na mwenye nacho, yule wa kwanza. Akafikiri akitie motoni. Akakipeleka hadi jikoni, akasimama na jiko linawaka, mikono ikakataa. Mama gani huyo anachoma kitu cha mwanawe? Akakirudisha mezani. Usiku wake sikusimulii, maana hakulala na hakuna la kusimulia.

Asubuhi Chiriku alimtangulia sebuleni, na mama akasikia kelele.

"Mama! Ukanitengenezea na hukusema! Tazama haya maua, tazama kifungo!" Akakivaa.

Kishikio kikapita kiganja, kikapita kifundo cha mkono, kikateleza mpaka karibu na kiwiko. Kilimpwaya. Kilikuwa cha mtu mkubwa kuliko yeye.

Chiriku akanyamaza. Mama yake hakuwahi kuusikia ukimya wake, na ukamtisha kuliko mkono wa jana.

"Hiki si changu," Chiriku akasema polepole. "Umempima dada."

Mama alishika kiti. "Nani kakwambia habari ya dada?"

"Hakuna aliyeniambia. Analala upande wa ukutani, mimi nalala upande wa nje. Ni hivyo tangu nina akili." Alikuwa anakitazama kipochi, hamtazami mama yake. "Nilidhani unajua, mama. Nilidhani hutaki tu asemwe, nami nikaacha."

"Anakufanya nini?"

"Hanifanyi kitu. Ananishika kidole. Nikigeuka, anatafuta kingine. Na kila kukipambazuka ananiuliza kama mama anakuja. Namwambia baadaye." Akafuta pua kwa kiganja. "Mnasema naongea sana. Nikinyamaza namsikia, nifanyeje?"

Mtoto huyu alikuwa amelea mwenzake miaka yote ile, ukuta mmoja tu kutoka kwenye kitanda cha mama yao.

Nje gari likapiga honi.

"Nimechoka, mama," Chiriku akasema. "Nataka kulala peke yangu, hata kwenye kitanda kibovu cha hospitali. Lakini akinifuata sitamfukuza. Atakwenda kwa nani?"

Mama akamvua kile kipochi taratibu, akakiweka kando. "Lete mkono wako."

"Mama, gari..."

"Litasubiri. Dereva ana miguu, akichoka kukaa atasimama. Lete mkono."

Akauzungusha ukanda kwenye mkono wa moto, wenye mshipa unaodunda, akatia alama. Kisha akatengeneza kipochi ambacho angemwona mwanafunzi wake anakitengeneza angemfukuza: karatasi ya kwanza iliyomjia mkononi, ukingo umekwenda upande, kifungo hakikuwa katikati, gundi inachuruzika. Honi ikalia tena, naye akaitukana bila kuinua kichwa. Akajaza kadi, akamvisha. Kishikio kikakaa pale pale kilipotakiwa kukaa.

"Usikibane kwapani, bado kibichi," akasema. "Wewe nenda. Huyu anabaki."

"Utamweza?"

"Nimewaweza wateja wa mtaa huu, nitashindwa na mwanangu?"

Chiriku akacheka huku analia, akamkumbatia mama yake kwa mkono mmoja, ule mwingine kaunyoosha mbali kipochi kisigandamane na nguo. Akapanda gari. Mara likageuka kona, na hakuona mama yake akiendelea kuupungia ukuta mtupu wa kona.

Nyumba ilikuwa kimya. Mama Vipochi alifunga mlango, akachukua kipochi cha waridi na bluu, akakitia kadi zilizobaki, zote nyeupe, akakifunga kifungo. Akaenda kwenye chumba cha Chiriku akasimama kizingitini. Aliogopa, tusidanganyane. Shuka lilikuwa limetandikwa vizuri, lakini lilikuwa limeinuka katikati, kama limemfunika mtu mzima aliyelala chali.

Akaingia. Akakiweka kipochi kando ya mto.

"Mama amekuja," akasema.

Kile kipochi kikavutwa taratibu chini ya shuka, maua yake yakaingia moja moja mpaka yasionekane, na akasikia karatasi ikikwaruza ngozi.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema.

Kitanda kikalia. Godoro likanyanyuka upande wa nje, likazama upande wa ukutani, nafasi ikapatikana. Mama Vipochi akavua kandambili zake, akalala.