Vikaratasi vya Bibi Nesi

Tangu Bibi Nesi ahamie chumba cha uani, Bibi Cherehani hakuwa na raha. Wote wawili walikuwa bibi wa mtoto mmoja: huyu kamzaa mama, yule wa uani kamzaa baba. Lakini yule alikuwa na Kiingereza, na Jumatatu mjukuu angeulizwa Kiingereza ndipo apokelewe shule mpya.

Bibi Nesi alibandika vikaratasi vya maneno nyumba nzima. Door mlangoni, mirror kwenye kioo, spoon kwenye kopo la vijiko. Mtoto aliyezoea kushinda chini ya cherehani akiokota vifungo, sasa alishinda na nesi, vicheko havikatiki.

"Njoo unitungie uzi, mama."

"Nakuja, bibi. Tunamalizia jikoni."

Hakuja.

Walipotoka kwenda dukani, Bibi Cherehani alibandua vikaratasi vya siku hiyo, ambavyo mtoto hakuwa amevishika kichwani bado, akavibadilisha mahali. Tumwone sasa huyo msomi.

Wakati wa kula, mtoto alichungulia kikaratasi cha kopo, akamwomba baba yake kijiko. "Mirror, please." Hilo la mwisho aliambiwa na Bibi Nesi kwamba wenye lugha yao hawaliachi hata wakiomba chumvi.

Baba akacheka hadi akapaliwa. "Leo utakula kwa kioo?"

Mtoto akaisukuma sahani. "Siendi shule hiyo."

Bibi Nesi alilitazama kopo, kisha akamtazama mkwe mwenzake, mara moja tu. "Kosa langu, mjukuu wangu. Macho yamechoka, nimebandika ovyo."

Utamu alioungoja Bibi Cherehani haukuja. Kusitiriwa na mtu unayemwonea wivu kunachoma kuliko kufokewa.

"Macho yake mazima," alisema. "Mimi ndiye niliyevihamisha."

"Kwa nini, bibi?"

"Huji tena kwangu."

Mtoto alifuta pua kwa kiganja. Alivuta kigoda hadi kwenye kioo, akapanda, akabandua kikaratasi.

"Bibi Nesi, nisomee hiki."

Bibi Nesi tena. Wivu ukampanda Bibi Cherehani upya, moto vilevile. Kigoda kikayumba. Akainuka, akakishika kwa mikono miwili.

"Usiachie, bibi," mtoto alisema bila kugeuka.