Ukungu kwenye Sarafu ya Korongo

Mimi ni fundi saa, na sipendi kuambiwa kwamba kazi yangu haijakamilika. Mteja akiniambia hivyo, namjibu papo hapo. Baba yangu akiniambia, damu inanichemka tu na sina la kufanya, maana ndiye aliyenifundisha kushika kitu kidogo bila kukiumiza.

Baba alikuwa mpima ardhi mpaka alipostaafu. Mtaa mzima unamwita Rula, naye hakasiriki, anaona ni cheo. Kwa miaka arobaini amekusanya sarafu za zamani za madini ya fedha, na tangu nikiwa mdogo sheria ilikuwa moja: sarafu inashikwa ukingoni, kwa vidole viwili, uso wake hauguswi. Nilipigwa vibao vya mkono kwa ajili ya sheria hiyo, na vingine nilivistahili.

Asubuhi moja aliingia kibandani kwangu na albamu kwapani, akaitua mezani juu ya saa niliyokuwa nimeifungua.

"Mama, sarafu zangu zimeshika ukungu," akasema; ndivyo anavyoniita mimi binti yake tangu nizaliwe.

"Baba, toa albamu yako juu ya saa ya watu."

"Itasubiri. Si ni saa?"

Nikavaa lenzi yangu. Alisema kweli. Albamu ile ilikuwa ya plastiki laini, na plastiki ya namna hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto hutoa jasho. Sarafu karibu zote zilikuwa na utando wa kijani unaonata, hata ile yenye picha ya ndege korongo. Ile ya korongo ndiyo roho yake. Aliipata wiki niliyozaliwa, na mama hajamsamehe mpaka leo kwamba alichelewa kufika hospitali kwa sababu alikuwa anambembeleza muuzaji. Nyuma ya ndege yule uso wa sarafu ni laini kabisa, ungeweza kujitazama ndani yake.

"Utaweza?" akaniuliza.

"Baba, jamani! Unaongea na nani?"

Nikaanza siku ileile. Nilifungua madirisha, nikazima jiko la chai, kwa sababu asetoni inashika moto kabla hujasema loo. Nilitumia asetoni safi ya maabara, maana ile ya kutolea rangi ya kucha imejaa mafuta na manukato. Bakuli zilikuwa za kioo. Unailaza sarafu, unaiacha, unaigeuza kwa kibano chenye ncha za mpira, unaihamishia bakuli la pili. Kisha unaisuuza kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi, na kuikausha kwa kubonyeza kitambaa taratibu. Hufuti. Husugui. Fedha safi ni laini kuliko watu wanavyodhani, na mkwaruzo ukishaingia haumtoki mtu wala sarafu. Ukungu ulitoka wote. Sarafu mbili zilibaki na madoa meupe kama tone la maziwa, lakini hayo sarafu hutoka nayo kiwandani na mtu mwenye akili zake huyaacha.

Baba akaja, akaweka lenzi kwenye jicho la kushoto, lile alilolitumia maisha yake yote kuchungulia kwenye kipimio chake. Akatazama korongo kwa muda mrefu.

"Bado kuna ukungu."

"Hakuna, baba."

"Na doa, hapa katikati."

Nikairudisha kwenye asetoni, nikabadilisha maji, nikampa. Bado ukungu. Nikairudisha tena. Yalipita majuma matatu tunacheza mchezo huo, na kila akija ananionea huruma kama fundi mwanafunzi. Mara ya nne, mbele ya mteja, akasema, "Labda kazi hii imekuzidi, mama." Hapo nikashindwa kujizuia.

"Kama huamini mkono wangu, nenda kasafishe mwenyewe!"

Akanywea. Akaifunga sarafu ya korongo kwenye leso yake, akaaga vizuri tu na kwenda zake. Mteja akajifanya anasoma kalenda ukutani.

Kesho yake mama akanipigia simu. "Hebu niambie, huyu baba yenu ana nini? Dawa ya meno nimenunua juzi, leo imekwisha. Na meno yenyewe amebaki na mangapi?"

Nilijua dawa ya meno hufanya nini kwenye fedha. Niliacha kila kitu wazi mezani, nikashika njia ya nyumbani, lakini nikakutana na baba mlangoni pa kibanda changu anakuja.

"Sasa angalau ukungu umepungua," akasema, akanikabidhi leso.

Sikuhitaji lenzi. Uso ule wa kioo ulikuwa umejaa mikwaruzo ya duara, maelfu kwa maelfu, kuanzia mdomo wa korongo mpaka miguuni. Aliitia dawa ya meno na mswaki, akasugua kwa bidii yake yote, mtu ambaye alinipiga vibao kwa kugusa tu. Nilitaka kulia, nilitaka kupiga kelele. Halafu nikamtazama usoni, nikaona haoni. Mikwaruzo iko mbele yake mchana kweupe, na yeye anatabasamu.

"Ila lile doa limekataa," akasema. "Limekula shingo yote."

Nikamwingiza ndani, nikachukua sarafu nyingine, ya jahazi. "Na hii?"

"Hii nayo. Katikati. Limekula mlingoti."

Kwenye droo nina nyuso mpya za saa, nyeupe, ambazo hazijatiwa namba wala mishale. Nikautoa mmoja kwenye karatasi yake, nikamwekea kiganjani.

"Na hii, baba?"

Akauinua mwangani. "Ukungu. Na doa palepale." Kisha vidole vyake vikapita ukingoni, vikarudi, vikasimama. "Hii siyo sarafu."

"Ni uso wa saa. Mpya. Nimeufungua sasa hivi."

Nje mtu alikuwa anabishana na mwenye duka la jirani kuhusu betri. Baba akauweka ule uso wa saa usio na namba mezani taratibu, akavuta kiti, akaketi.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Twende kwa daktari wa macho, baba. Leo hii."

Alikuwa amekimbia hospitali miaka sita, akisema macho ya mpima ardhi hayazeeki. Siku hiyo hakubisha, na kutobisha kwake kulinitia hofu kuliko kitu chochote. Daktari alikuwa mwanamke mpole, akatueleza bila kuzunguka. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, huo ndio ukungu, na ungeweza kuondolewa. Lakini nyuma ya jicho la kushoto, katikati, palikuwa na kovu. Hilo halitoki. Angekuja mapema zaidi, akasema, pengine lingezuiwa likiwa dogo. Niliyahesabu kichwani yale majuma matatu niliyoyapoteza nikisafisha kitu kisafi ili nionekane fundi, na hakuna wa kunidanganya kwamba hayakuwa kitu.

Walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia kwanza. Siku alipotolewa bandeji alituangalia mmoja mmoja, akamwambia mama, "Kumbe umezeeka hivi!" Mama akamjibu angoje afike nyumbani kwenye kioo.

Siku tatu baadaye akaja kibandani. Nilijua anakuja kufanya nini. Nilikuwa nimewaza kuificha ile sarafu, nimewaza hata kumtafutia nyingine ya korongo, nikaona aibu. Nikampa. Akaishika ukingoni, akaweka lenzi kwenye jicho la kulia, kwa shida, kama mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea. Akaigeuza polepole kwenye mwanga.

"Nani ameikwaruza hii?"

"Mimi."

"Wewe?" Hakuinua kichwa. "Wewe hata sufuria husugui. Mama yako analalamika kila siku."

"Mimi ndiye niliyekuambia ukasafishe mwenyewe."

"Hilo ulisema," akakubali.

Akatoa lenzi. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya maishani mwangu. Akaweka dole gumba lake juu ya uso wa sarafu, wazi, bila kitambaa, akalipitisha kwenye mikwaruzo yote mpaka mwisho, kisha akanirudishia.

Alama ya kidole ilibaki pale, kubwa, kwenye shingo ya korongo. Alama kama hiyo inatakiwa kuoshwa siku hiyohiyo, la sivyo inaganda moja kwa moja. Chupa ya asetoni ilikuwa wazi pembeni yangu. Nikaifunga.